Damu Niliyosema Ni Yako

Igogo, Mwanza
22 Januari 1995

Mdogo wangu Pius,

Salamu kwanza, maana hata anayekuja kuomba maji ya kuzimia moto huanza na hodi. Mimi na Chenge hatujambo, watoto wamefungua shule na viatu vimeshawabana. Cherehani yangu imelala. Mitumba imejaa sokoni, nani tena atashona gauni? Mume wangu bado anachomelea mageti kule karakanani Igoma, macho mekundu na kile kikohozi chake cha moshi kama kawaida.

Sasa jambo lenyewe. Nimekutumia telegramu mbili, hukujibu hata moja. Mama anavuja damu.

Unakumbuka ule mguu uliovimba mwaka jana, wakasema damu imeganda ndani ya mshipa, wakampa vile vidonge vya kuizuia isigande. Alivimeza vizuri tu. Baada ya Krismasi akaanza kutema mate mekundu kila akipiga mswaki, akasema ni fizi za uzee. Yakaja mabaka meusi mapajani, akasema ni kitanda. Jumatano alitapika damu nusu beseni, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Tulimpeleka hospitali kwa gari la kubebea mchanga.

Daktari, mama mmoja mpole anaitwa Moza, swali lake la kwanza lilikuwa chakula. Mama anakula nini? Nikashangaa, mtu anakufa wewe unauliza mboga. Kumbe ndiko kwenye kosa. Mwaka jana, miezi ile ya vita ya Rwanda watu walipoogopa samaki wa ziwani kwa sababu ya maiti zilizokuwa zikielea majini, sisi tulikula matembele na kisamvu asubuhi na jioni. Hayo majani yanapigana na vidonge. Walipompima wakakuta damu bado inaganda upesi, wakamwongezea dozi. Halafu samaki wakarudi sahanini, na Mama akaapa kwamba hatakula tena majani kama mbuzi. Sahani ikabadilika, vidonge vikabaki vilevile vingi. Hakuna aliyetuambia na hakuna aliyeuliza. Ningejua ningemlisha mchicha kwa kijiko.

Vidonge wamevisimamisha. Wanamchoma vitamini K, ndiyo inayovunja nguvu ya vile vidonge, lakini daktari anasema haifanyi kazi papo hapo, na huku damu inatoka. Anataka damu mbichi, iliyotoka kwa mtu siku hiyohiyo. Ile ya kwenye friji inamwongezea wingi tu, kile kinachogandisha kimeshapungua. Mama ni kundi O, hapokei jingine. Mimi nimepimwa nikakutwa A, nimerudishwa. Wewe ni O, niliona kwenye kadi yako ya kiwandani kwa macho yangu.

Ndugu wengine waliposikia kwamba damu hupimwa maradhi kabla ya kutolewa, kila mmoja akakumbuka safari. Wewe huna la kuogopa, hukuwa mtu wa mabaa. Panda treni, Pius. Ukipata barua hii usikae hata kunywa chai.

Dada yako,
Teodora


Morogoro
31 Januari 1995

Dada Teodora,

Shikamoo. Na shikamoo ya Mama mfikishie kitandani, mwambie inatoka kwangu. Mpe salamu shemeji Chenge, na watoto wote.

Huku mvua zimeanza na mlima hauonekani kwa mawingu. Kiwanda kimeuzwa. Wenyewe wanasema kimebinafsishwa, sisi tunasema kimeuzwa. Tumepunguzwa wengi na mimi nimo. Sasa natengeneza redio na pasi kibarazani kwa Mzee Venant, yule mhudumu wa treni. Nimekonda kidogo, ndiyo shida ya mwanamume kujipikia, usijali.

Telegramu zote mbili nilizipata. Sijalala vizuri tangu ya kwanza. Nimezunguka maduka ya dawa, siku hizi yako kila kona, nikapata vitamini K ya sindano. Nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya kopo na anayekuletea ni Mzee Venant mwenyewe. Mfamasia amenionya mambo mawili, tafadhali yasikilize. Moja, asichomwe kwenye nyama, atavimba damu hapohapo. Iende kwenye mshipa, tena polepole. La pili, wasimpe nyingi kupita kiasi, maana damu ikigeuka ikaanza kuganda tena, vidonge vitakataa kufanya kazi na mguu utarudi kulekule. Mwonyeshe daktari, yeye ndiye ajuaye.

Nikifumba macho namwona Mama anatia ugali kwenye sahani yangu kabla ya ya Baba, na Baba anajifanya hajaona.

Kuhusu kuja, dada, kazi imenibana. Nitaangalia.

Mdogo wako,
Pius


Igogo, Mwanza
13 Februari 1995

Pius,

Marahaba. Sisi wazima. Dawa zimefika, Mzee Venant ni mtu wa watu, alizileta mpaka wodini. Daktari Moza amezipokea na kusema mfamasia wako ana akili.

Sasa nisikilize. Barua moja, ukurasa wa kwanza umepunguzwa kazi, ukurasa wa pili kazi imekubana. Ulidhani mimi nasoma ukurasa mmoja tu?

Nitakueleza ilivyokuwa, ili ujue ulikuwa wapi wakati huo. Siku ile barua yangu ikiwa bado njiani kuja kwako, Mama alitapika tena. Ulimi wake ulikuwa mweupe. Nikimwita anajibu jina la shangazi aliyekufa zamani. Daktari alichukua damu yake kidogo akaiweka kwenye kichupa cha kioo, akaiacha imetulia, kisha akakiinamisha. Ikatiririka yote kama maji. Akanionyesha. Akakaa kitandani kwa Mama, sijawahi kuona daktari akikaa kitandani, akaniuliza, "Yule mdogo wako amefika?"

Nikasema yuko njiani. Nilidhani ni kweli.

Baba mdogo Mihayo alikuwa amekuja, Mungu ambariki, mzee wa watu akakunja mkono wa shati. Wakamrudisha kwa presha. Akabaki amekaa kwenye benchi na mkono wake umekunjwa vilevile.

Chenge alikuwa koridoni. Tangu Mama alazwe alifika kila siku akitoka Igoma, na hajaingia wodini hata mara moja. Unajua mwenyewe, kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Miaka yote hii Mama akipita uani Chenge anageukia ukuta, na Chenge akila Mama anaingia ndani. Atamwonaje amelala, nguo zimejaa damu? Alikuwa anasimama tu nje ya mlango anakohoa, mimi ndiye ninayemtolea habari. Siku hiyo habari yenyewe ilinishinda kusema, nikaanza kulia. Akavua kofia akasema wampime yeye.

Baba mdogo aliruka kutoka kwenye benchi. Alisema damu ya mkwe kuingia mwilini mwa mama mkwe ni kuvuliana nguo, afadhali tungoje mtoto wa kuzaa, na kama ni lazima basi wazee wakae kwanza. Daktari Moza akamjibu kwa heshima kabisa kwamba wazee wakae, yeye hatawangoja. Chenge alikutwa O na hana ugonjwa wowote. Damu yake ililetwa wodini ikiwa bado ya moto, niliushika mfuko kwa mikono yangu. Kesho yake akatoa rafiki yake mmoja wa karakanani. Jioni hiyo daktari akainamisha kichupa, na damu ikabaki imeshikana.

Mama alipopata fahamu aliuliza amepewa damu ya nani. Nilimwangalia, Pius. Amekuwa mdogo, mikono imebaki mifupa. Ningemwambia ya mkwe wake? Angevuta ule mpira wa damu autoe. Ningemwambia mwanawe wa kiume amekataa kuja? Nikatazama ukuta nikasema, "Ya Pius. Alikuja na treni akatoa, kazi ikamrudisha, hakutaka kukuamsha." Akatabasamu, akaomba uji. Sasa wodi nzima inajua kwamba damu iliyo mwilini mwa Mama ni ya mwanawe Pius.

Nimekufunika aibu yako kwa kanga yangu mwenyewe. Kaa nayo.

Teodora


Morogoro
24 Februari 1995

Dada,

Shikamoo. Mshukuru shemeji kwa niaba yangu. Sina maneno, mwambie nimepiga magoti.

Una haki ya kunitukana na utukane mpaka uchoke. Lakini nakuomba kitu kimoja. Mwambie Mama kwamba ile damu si yangu. Mwambie ni ya mtu mwingine, mtu yeyote, padri, polisi, mpita njia. Usimwache akiamini ana damu yangu. Usiniulize sababu. Fanya hivyo leo, dada yangu, kabla hujakunja karatasi hii.

Na wale wa wodini uwaambie pia.

Pius


Igogo, Mwanza
8 Machi 1995

Pius,

Marahaba. Mama yuko nyumbani tangu wiki iliyopita. Ana nguvu za kunigombeza kuhusu chumvi, kwa hiyo shukuru Mungu.

Damu ilipokaa sawa Daktari Moza alimrudishia vidonge, dozi ndogo. Amenieleza mpaka nikaelewa: bila vidonge mguu utaganda tena, na lile bonge likichomoka likapanda mapafuni, ni mara moja tu. Na vidonge vikizidi anavuja. Amewekwa katikati hapo. Anatakiwa ale mboga za majani kila siku kwa kipimo kilekile, si leo mlima kesho hakuna. Basi mimi napima mchicha kwa kikombe, watoto wananicheka.

Kuhusu ombi lako, sifanyi. Jana nilimkuta kajishika mkono, pale ulipoingia mpira, anasali. Anakutaja wewe. Uongo wangu umempa usingizi na wewe unataka nimpokonye, tena bila kuniambia kwa nini. Unaona haya kusifiwa kwa usilolitenda? Hayo ni yako. Njoo umwambie mwenyewe uso kwa uso.

Teodora


Igogo, Mwanza
10 Aprili 1995

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kweli, sikejeli. Nimeandika Machi, umenyamaza. Nikamtuma Mzee Venant, akaniletea jibu la kwamba upo, basi, na akaangalia pembeni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo wenyewe nimeanza kuusikia, ila sitaki kuutaja.

Mama ameacha vidonge. Nilivikuta vimefungwa kwenye pindo la kanga yake. Anasema vilimtoa damu mara moja, hatavipa nafasi ya pili. Nimebembeleza, nimenuna, Daktari Moza mwenyewe alikuja hapa nyumbani siku yake ya mapumziko. Mama alimkaribisha chai vizuri na hakumeza. Jana niliona kifundo cha mguu kimeanza kujaa. Nikikibonyeza kidole kinaacha shimo. Sijui nifanye nini, Pius. Kwanza nilikuwa naomba damu isimame, sasa naomba isisimame, na kwa yote mawili niko peke yangu hapa.

Kila treni ikiingia anauliza kama kuna barua.

Andika hata mstari mmoja. Hasira zimekwisha, nimebakiwa na hofu tu.

Dada yako


Morogoro
26 Aprili 1995

Dada yangu Teodora,

Shikamoo. Mvua zimepungua huku, mlima unaonekana. Watu wangu wa redio wamepungua pia, mimi mwenyewe siku nyingine nashindwa kukaa kibarazani. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Mwaka juzi rafiki yangu wa kiwandani alikatwa na mashine. Nilikwenda kumtolea damu, nilikwenda mbio, dada, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Wakachukua kidogo ya kupima. Badala ya kuniita kitandani wakaniita kwenye chumba, wakafunga mlango. Nina virusi vya UKIMWI. Rafiki yangu alipata damu kwa wengine akapona, na mimi nikarudi nyumbani na kadi yangu imeandikwa O.

Sasa unajua. Telegramu yako ilipofika ikisema Mama anataka damu na ni yangu inayofaa, nilikaa chini barabarani mbele ya posta. Kile pekee alichowahi kuniomba ndicho hicho kimoja nisichoweza kumpa. Ningekuja nikasimama tu, ungeniuliza mbele ya daktari kwa nini sikunji mkono wa shati, na Mama angesikia. Nikaona bora niitwe mtoto mbaya kuliko kuwa msiba wa pili kitandani kwake. Nilikosea, labda. Sikupata mtu wa kumuuliza.

Ndiyo sababu niliomba umwambie. Siku yangu itafika, watu watasema nilikufa kwa nini, huwa wanasema tu, mficha maradhi kilio humfichua. Mama ataketi kwenye mkeka wa msiba akikumbuka kwamba ana damu yangu mwilini. Ataogopa kuwapakulia wajukuu. Atakufa kwa woga, akiwa mzima. Siwezi kulala nikifikiri hivyo. Mwambie ile damu haikuwa yangu. Ukiona lazima umwambie na hili jingine, mwambie, nimekuachia wewe.

Usije. Sipendi unione hivi. Lakini mwambie ameze vidonge.

Pius


Igogo, Mwanza
9 Mei 1995

Pius mdogo wangu,

Ningekuuliza hali, lakini umeshaniambia. Watoto wanakuamkia. Mimi nimelia siku nzima juu ya cherehani mpaka kitambaa cha mtu kikaharibika, sitalia tena kwenye karatasi.

Nilikaa na barua yako siku mbili. Jumapili baada ya misa nikamwomba Mama tukae uani. Nikaanza na jambo jepesi, nikasema, Mama, nilikudanganya, ile damu haikuwa ya Pius. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua matembele. Akasema anajua. Siku ile tulipodhani hana fahamu alisikia kikohozi cha Chenge nje ya mlango, kikohozi gani kingine kina moshi vile, akamsikia nesi akimwambia Chenge abane pamba. Amejua tangu siku hiyo.

Nikamuuliza kwa nini basi aliitangazia wodi nzima kuwa ni yako. Akasema angekiri ni ya mkwe wake, ingebidi wazee waitwe, Chenge atozwe mbuzi kwa kosa la kumwokoa, na yeye asiweze tena kupita uani. Akijifanya hajui, hata Baba mdogo hana la kushitaki, na Chenge anabaki mkwe wake na heshima yake. Miezi yote hii, Pius, mimi nalinda uongo wangu na yeye analinda wake, tunakula sahani moja.

Ndipo nikamwambia lile jingine. Niliogopa kuliko siku ile ya kichupa. Matembele yakamdondoka. Nikaenda kumletea maji, hakunywa. Halafu akalia kwa sauti, kama hakuna majirani. Alipotulia akaniuliza ni kweli ulidhani alitaka damu. Nikasema ndiyo, telegramu zangu ziliandika damu. Akasema niandike hivi, na ninaandika kama alivyotamka:

"Mwambie mwanangu, telegramu ni za dada yake. Mimi sikuita damu. Nilimwita yeye."

Chenge alikuwa kule mwisho wa ua, amegeukia ukuta wakati huo wote, na nilimwona anafuta macho kwa kofia.

Barua hii hukuletewa na posta wala Mzee Venant. Aliyekuletea amesimama mlangoni kwako sasa hivi, na hatakaa mpaka uanze kufunga mizigo, namjua. Amefunga karakana. Alisema ikiwa damu yake imeshaingia humu ndani, basi wewe ni ndugu yake wa damu, na mtu hamwachi ndugu yake ajipikie. Utalala chumba cha mbele, nimeshakitandika. Daktari Moza amesema kifua kinatibika na homa zinatibika, uje tu.

Mguu wa Mama bado umejaa. Lakini tangu Jumapili anameza vidonge kila jioni, anavihesabu mwenyewe mbele yangu. Anasema hawezi kuondoka kabla hujafika, na hataki umkute anavuja wala amevimba. Asubuhi hii ametoka tena kuchuma matembele. Anauliza kama bado unayatenga pembeni ya sahani. Anasema safari hii atakaa hapo akuangalie mpaka umalize.

Dada yako,
Teodora